Chui wa Ekai

Dalali wa mbuzi anakula kwa koo lake, na Ekai alikuwa dalali wa soko la mifugo la Kakuma. Lori lilipopinduka naye alikimbizwa Eldoret, mashine ikampumulia wiki tatu, kisha akarudishwa hospitali ya Lodwar na mrija shingoni. Pumzi ilipita humo, sauti ikakosa njia. Huu ulikuwa mwezi wa tatu.

Asubuhi hiyo Sista Namuria alimfyonza makohozi, akatoa upepo kwenye kipira cha mrija kilichoziba koo, akauziba kwa kifuniko chekundu.

"Mzee, sasa unapumua na pua kama sisi. Hii haitoki mpaka kesho saa nne. Ikikaa, natoa mrija. Ikishindikana, unarudi Eldoret."

Ekai aliitikia kwa kichwa. Lakini woga hauna adabu. Sista alipogeukia mgonjwa mwingine, kifua kilimbana, akachomoa kifuniko na kukificha kiganjani. Sista aliporudi, akakichomeka upesi. Mara ya tatu mkewe Abei alimwona.

Abei hakumshtaki. Alimgeukia Majok, mfanyabiashara wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma aliyelala kitanda cha pili, mguu kwenye plasta.

"Shemeji, unaona huyu? Siku moja alikimbia fisi, akaachia yeye mbuzi kumi."

Ekai akafungua mdomo akane. Upepo mtupu ukatokea mrijani.

"Fisi mzee," Abei akaongeza. "Hata meno haikuwa nayo."

Majok alicheka mpaka kitanda kikalia. Wahenga walisema hasira hasara, ila hawakuwahi kulazwa hospitali Abei akiwa kando yao. Ekai akakirudisha kifuniko mwenyewe.

"Alikuwa chui," akasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Fisi."

"Chui. Na mbuzi walikuwa wawili."

Walibishana mpaka jioni. Kila mkono wa Ekai ulipoelekea shingoni, Abei alimzeesha fisi zaidi, na Ekai akasahau kuogopa. Alisinzia akibisha, kifuniko kikiwa mahali pake.

Kesho yake saa nne, Sista Namuria alichomoa mrija, akafunika tundu kwa shashi. "Ukiongea, bonyeza hapa na kidole."

Ekai akabonyeza. "Abei, alikuwa nini?"

Miezi mitatu Abei alikuwa amebishana peke yake kando ya kitanda, akishinda kila siku, na Ekai alijua jinsi ushindi ule ulivyomchosha. Sasa alikuwa akilia na kucheka pamoja.

"Chui," akasema. "Tena mkubwa."