Kondoo wa Buluu

Muriel Thackway alipomtoa Tuffin sandukuni, mtoto Jocelyn alirudi nyuma na kuangua kilio.

"Siyo yeye huyo! Tuffin ni mweupe!"

Muriel alichanganyikiwa. Kondoo huyu, mwanasesere wa kuchezeshwa kwa nyuzi, alimchonga mwenyewe, na manyoya akayatia rangi ya buluu kwa mikono yake, kwani kitu cheupe mbele ya kamera humeta na kuharibu picha. Hapo studio hata mashati yalikuwa ya buluu na hakuna aliyeshangaa. Lakini watoto wa London walimwona Tuffin mweupe pe kwenye televisheni zao zisizoonyesha rangi, na hao wakubwa wa studio waliomwalika Jocelyn aje kumlisha biskuti hewani, moja kwa moja, akili zao wanazijua wenyewe.

"Fanya maarifa, mpenzi!" Basil, mwenye sauti ya Tuffin, alimhimiza kutoka kwenye maikrofoni yake. "Akilia hewani tumekwisha."

Muriel alipanda kwenye daraja juu ya jukwaa, akashika nyuzi, na kwa kukosa la kufanya akamchezesha Tuffin masikio. Jocelyn akayaona masikio hayo kwenye televisheni iliyowekwa kando ya kamera. Kilio kikakatika.

"Yule pale! Tuffin wangu!"

Akampa mgongo kondoo aliye karibu naye, akakisogelea kioo cha televisheni na biskuti yake. Taa nyekundu ikawaka. Walikuwa hewani.

"Tuffin, kuna mtu hapa anajifanya wewe. Wa buluu. Unamjua?"

Basil alifunika maikrofoni kwa kiganja, akamwashiria Muriel ajibu yeye. Muriel alitazama chini, akatazama kioo, akatazama vidole vyake, na kusema kweli hakujua tena anamchezesha yupi. Alimhurumia mtoto, akaona uchungu kumkana kondoo wake mwenyewe. Hata hivyo vidole vilivuta uzi, na Tuffin akatikisa kichwa. Hamjui.

"Mfukuze basi! Aende zake!"

Mtoto akitaka hivyo, na iwe hivyo. Muriel alimgeuza yule wa buluu, akamtembeza kwato kwa kwato, kichwa chini, hadi nje ya jukwaa, akashusha pumzi.

Kwenye kioo palibaki uzio na majani ya karatasi.

"Tuffin?" Jocelyn alikigonga kioo kwa biskuti. "Si nimesema yeye? Wewe unakwenda wapi?"