Mito Isiyopumua

Shule niliiacha darasa la nne, nayo haikunitafuta. Kilichonitoa si hesabu, ni benchi. Ubao mtupu, msumari umetokeza, na makalio yangu wakati huo hayakuwa na nyama. Kwa hiyo binti yangu, kitindamimba wangu, mwalimu mpya, alipokuja kulalamika kwamba darasa lake halitulii, ugonjwa niliujua kabla hajamaliza.

"Wanajipinda kama funza, Baba," alisema. "Yule mtoto wanayemwita Kiroboto peke yake anahama madawati yote kabla sijafuta ubao. Na Jumatatu mkaguzi anakuja. Akiwakuta vile, sithibitishwi kazini. Nitarudi hapa kukupikia chai."

"Chai yako haina sukari, siitaki," nikamwambia. "Kaa utulie. Baba yako ni fundi makochi."

Nikakusanya mabaki ya karakana: sponji, na ile ngozi ya plastiki nyekundu iliyobaki kwenye makochi ya kinyozi. Nikashona mito ya benchi zote, mke wangu akinishikia mkasi na kunisimanga. Jumatatu alfajiri nikaipigilia. Darasa likang'aa utadhani watoto wanakuja kunyolewa.

Kengele ikalia. Wakaingia, wakaona, wakakaa wote kwa mpigo.

Sauti iliyotoka siwezi kuiandika kwa heshima. Fikiria ng'ombe zizi zima, wamekula maharage.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mto wa ngozi ya plastiki huachiwa vitundu kwa chini ili hewa ipate njia. Hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza anajua. Mimi kwa pupa ya mzazi nilishona kama ninayewamba ngoma, na sasa hewa ilijitafutia njia kwenye mishono, kwa makelele yake.

Watoto walikufa kwa kicheko. Kiroboto alikaa, akasimama, akakaa tena, mpaka ukawa muziki. Chiriku, msichana wa dawati la mbele, alikuwa sakafuni ameshika mbavu. Binti yangu akanitazama kwa jicho la mama yake.

"Baba. Umenimaliza."

"Natoboa sasa hivi," nikasema, nikachomoa sindano ya kushonea makochi.

Mkaguzi akatokea mlangoni. Suti ya kijivu, uso wa mtu aliyenyimwa kifungua kinywa. Nikajitupa kwenye benchi la nyuma, nalo likanitangaza.

Binti yangu akashika chaki.

"Sheria ya leo ni moja," akawaambia. "Ambaye mto wake utalia, anakuja ubaoni."

Darasa likatulia kama maji mtungini. Nusu kujumlisha theluthi, akaandika, na macho yote yakaganda pale. Kiroboto alijibana mpaka masikio yakacheza. Kucheka kulikuwepo, lakini ndani kwa ndani, maana ukicheka kiuno kinatikisika, na kiuno kikitikisika umekwisha.

Mkaguzi akaja kukaa kando yangu, taratibu, kama anayekalia mayai. Mto ukatoa mlio mwembamba, mrefu, usiotaka kuisha.

Chiriku akanyoosha kidole bila kusogeza kitu kingine.

"Mwalimu, mgeni amelia."

Binti yangu akawa kama sanamu. Mimi nikatazama dari.

"Ni mto," mkaguzi akasema.

"Wote husema hivyo," Kiroboto akamjibu.

Yule bwana akasimama, mto ukamuaga, akaenda ubaoni. Akachora mkate, akaukata vipande sita, akaeleza nusu ni vipande vitatu, theluthi ni viwili. Jumla vitano kati ya sita. Watoto wakampigia makofi, viuno vimetulia.

"Andika lingine, mwalimu," akasema, na koti akalivua.

Nyuma yake ukasikika mlio mzito, wa makusudi kabisa. Alipogeuka, Kiroboto alikuwa ameshafika ubaoni, mkono wazi, anadai chaki. Kisha ukalia mto wa Chiriku. Kisha wa jirani yake. Ukawa msururu mpaka dirishani, kila mmoja anataka kukata mkate wake.

Kipindi kilipoisha mkaguzi alikuwa mweupe kwa chaki hadi kwenye nyusi.

"Nimekuthibitisha, mwalimu," alimwambia binti yangu. "Darasa linaloweza kuzuia kicheko kile linaweza kujifunza chochote." Akanigeukia. "Na wewe mzee, ni wa darasa hili?"

"Nimerudi kumalizia la nne, mheshimiwa."

Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakaa, na mto ukamcheka yeye.

Nilipotoa sindano ili nitoboe, binti yangu akanishika mkono. "Thubutu, Baba."

Basi mito ya shule iko vilevile. Mmoja wa ziada ulibaki. Nimeufunga nyumbani, kwenye kiti anachopenda shemeji yangu, yule asiyejua saa ya kuondoka.