Karatasi ya Sifuri ya Poço das Garças

Saa moja asubuhi, Jumapili ya uchaguzi, Mwalimu Ivonete alikagua lakiri za mashine ya kupigia kura, akazikuta zote nzima, akaiwasha. Darasa lake la tatu ndilo lililokuwa kituo cha kura cha Poço das Garças, bara kabisa, nchini Brazili. Kanuni za usalama za serikali ziko wazi: kabla ya kura ya kwanza, mashine itoe karatasi ya sifuri, mawakala wa vyama waone kwamba hakuna mgombea aliyeanza na kura mfukoni. Na karatasi hiyo isikatwe mpaka mashine inyamaze yenyewe.

Wagombea wote, sifuri. Mzee Adauto, wakala wa meya, akaitikia kwa kichwa, mkate wa jibini mdomoni. Mashine ikaendelea. Madaktari wa zahanati, sifuri. Vitabu vya hisabati vilivyofika, sifuri. Madaraja mtoni, sifuri.

"Hiyo ya daraja ni siasa," Adauto akasema.

"Ni kweli au si kweli?"

Adauto akafikiri. "Ni kweli."

"Basi tia sahihi, mzee wangu."

Akatia. Karatasi ikajaa darasani, ikatoka mlangoni, ikampita muuza kahawa, ikateremka kuelekea mtoni.

Hapo Ivonete akaacha kazi akaifuata. Daraja lilichukuliwa na mafuriko miaka sita nyuma, na tangu hapo meya amezindua ujenzi wake mara tatu, kila mara kwa ngoma. Ng'ambo anaishi mama yake Ivonete, Bi Deusdina, mwenye miaka themanini na moja na tumbo lisilostahimili gari, na barabara ya kuzunguka ni kilomita tisini zisizo na basi, na Ivonete hana gari. Mto una mawe na kasi, mtumbwi haupiti. Mama na binti huzungumza kwa kupiga kelele, kila mmoja ukingoni kwake, na mji mzima unazijua habari za bawasiri ya Bi Deusdina. Kwa miaka sita Ivonete hajamshika mkono.

Saa mbili kasoro dakika tano karatasi iligusa ng'ambo, ikajifunga kwenye kisiki, na mashine ikanyamaza. Karatasi ilikuwa na upana wa vidole vinne. Wa kwanza kuvuka alikuwa Bi Deusdina, viatu mkononi, akikanyaga sifuri moja baada ya nyingine. Nyuma yake walifuata watu arobaini, mbuzi mmoja na mpiga kodiani.

"Inashika?" Ivonete alipaza sauti.

"Inanesanesa kidogo, lakini inalishinda daraja la meya!"

Wakakumbatiana hadi mbuzi akachoka kungoja.

"We mtoto, umekonda! Na hizo nywele, nani kakufanyia ubaya huo?"

"Mama, foleni."

"Foleni ina miguu, itasimama."

Bi Deusdina akapiga kura yake, kisha akapanda juu ya kidawati nyuma ya kiti cha binti yake, akaanza kumsuka huku binti akikagua vitambulisho. Kodiani ililia uani. Ivonete alikuwa na furaha ya kichaa. Alimwita Adauto "mpenzi" mara mbili, na Adauto akaitika.

Saa kumi na moja jioni kituo kikafungwa. Kanuni iko wazi hapa pia: karatasi ya sifuri, ikiwa nzima, itiwe kwenye bahasha na kukabidhiwa siku ileile. Ivonete aliisoma mara tatu akitafuta mwanya. Ilikuwa imeandikwa vizuri.

"Lala kwangu, Mama."

"Na kuku wangu atawafungia nani?"

Bi Deusdina akavuka na wenzake, akaifungua karatasi kisikini. Ivonete akaikunja karatasi, mita mia mbili na kumi, Adauto akimshikia ncha, huku machozi yakimtoka bila kificho. Ofisi ya uchaguzi ikaandika: karatasi moja, nzima, imelowa kidogo, mashine imetimiza viwango vyote. Meya alishinda tena, akaahidi daraja.

Sauti ikaja kutoka ng'ambo. "Ivoneteee! Uchaguzi mwingine lini?"

"Miaka miwili, Mama!"

Bi Deusdina akapaza sauti tena.

"Upande wa kushoto haujaisha! Wa kulia usiufumue!"

Jumatatu Mwalimu Ivonete aliingia darasani vivyo hivyo, kichwa kimesukwa nusu, na watoto wakaendelea na jedwali la kuzidisha kwa saba.