Jina Ambalo Yunzhen Hakulitaja

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Qiu Yunzhen aliinama mpaka mgongo ukamkatika. Shahada ya uzamivu katika dini ya Tao alikuwa nayo, lakini tangu aipate alikuwa akifundisha vipindi vya kushikizwa huku na huku mjini Chengdu. Sasa nafasi moja ya mhadhiri ilitangazwa, mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano. Mwezi ujao angetimiza thelathini na sita. Hii ikimponyoka, basi tena.

Siku ya somo la majaribio alisimama mbele ya jopo akaeleza jinsi makuhani wa milimani wanavyozivusha roho za watu waliozama mtoni. Alieleza vizuri, hata yule mzee wa pembeni akaisahau chai yake. Moyo wa Yunzhen ukaanza kuchanua, maskini.

"Haya yote umeyapata kwa nani?" akauliza Profesa Shang, mwenyekiti.

"Kwa kuhani mmoja wa kijijini."

"Jina lake?"

Ulimi ukagoma. Ili afundishwe, Yunzhen alimpigia magoti kuhani yule akawa mwanafunzi wake, na mwanafunzi halitamki jina la mwalimu wake kavukavu. Mikono ikapanda kifuani yenyewe kwa heshima, naye akaligawa jina herufi moja moja, ya juu kisha ya chini, kama wafanyavyo wanafunzi wa hekaluni.

"Ukoo wake ni Liao. Jina lake, juu ni Cheng, chini ni Xu."

Profesa Shang akaangua kicheko. "Ehe! Mmesikia, wenzangu? Juu, chini! Kumbe dada yetu ni mtu wa hekaluni."

"Ni adabu tu, Profesa."

"Adabu hiyo kaichomee ubani. Hapa tunataka mtu wa kuichunguza dini, si wa kuisujudia. Haya, mwambie anayefuata aingie."

Watu hawa! Ukikaa mbali na jambo, wanasema hulijui. Ukilisogelea, wanasema limekumeza.

Yunzhen aliketi kwenye ngazi za nje akampigia simu mwalimu wake.

"Vipi, mwanangu? Tukuite mhadhiri?"

"Wamenikataa, Mwalimu. Waliniuliza jina lako, nikashindwa kulitaja kama mtu baki. Wakajua mimi ni mwanafunzi wako."

Mzee akakohoa kwa muda mrefu.

"We mtoto we! Jina langu wauza kabichi wanalipigia kelele kila siku sokoni. 'Liao Chengxu, toa baiskeli yako njiani!' Nawe ndilo limekushinda?"

"Nilikuheshimu, Mwalimu."

"Wanangu wamekwisha uza ngoma zangu za ibada, kazi hii hawataki hata kuisikia. Nilikutegemea wewe ulipeleke jina langu darasani, walitaje watoto wa watu nikishakufa. Kwani nilikufundisha ili uninyamazie?"

Yunzhen alilia bila kujificha. Kisha akafumbua kinywa.

"Liao Chengxu," akasema.

Mzee alikuwa amekwisha kata simu, na pale kwenye ngazi hapakuwa na mtu mwingine.