Kati ya Majengo Mawili

Nyumbani kwao hakuna aliyempinga, na hilo ndilo lililomchosha.

Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti tu. Tangu siku alipoifumua redio ya shangazi yake ikawa vipande mezani, halafu akaiunga tena ikasema, wote walimwita Bisibisi. Sasa alikuwa amemaliza shule, tena kwa alama zilizomfanya mwalimu wa hesabu atembee kifua mbele kana kwamba mtihani aliufanya yeye. Vyuo viwili vilikuwa vimemkubali.

Cha kwanza kilikuwa palepale mjini, mwendo wa mguu kutoka nyumbani. Kilikuwa na jina kubwa, walimpa sayansi ya kompyuta, na Pacha naye alikuwa anakwenda hukohuko. Pacha hakuwa pacha wake wa damu. Walikuwa wameketi dawati moja tangu darasa la kwanza, hata walimu wakawa wanawachanganya. Chuo cha pili kilikuwa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na ukikitaja watu walikuuliza, "Ndiyo wapi huko?" Lakini huko kulikuwa na kozi moja iliyounganisha kompyuta na uhandisi wa ndege. Mwanafunzi anajifunza jinsi bawa linavyobebwa na upepo, na papo hapo anajifunza kuandika programu ya kuiongoza ndege yenyewe bila rubani.

Moyo wake ulikuwa huko, ila hakuuamini. Alitaka mtu wa kubishana naye. Alitaka mtu amwambie hapana, kwa sababu hii na hii, ili naye aseme ndiyo, kwa sababu hii na hii, na katika kusema huko ajue anachokitaka.

Alianza na mama yake. Mama alikuwa msusi, mwenye saluni ndogo ya vioo viwili, na baba alikuwa amefariki Bisibisi akiwa bado anatambaa. Yeye na mama ndio waliokuwa nyumba nzima.

"Mama, unaonaje? Niende wapi?"

"Wewe ndiye msomi, mwanangu. Chagua, mimi nitaitikia."

"Lakini wewe unaonaje?"

"Mimi naona kichwa cha mteja."

Mteja akacheka, na mama akaendelea kusuka. Shangazi, aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, akapaza sauti kwa sababu masikio yake yalikuwa yamezibwa na ule mvumo. "Mambo ya anga? Kwani huku chini kumejaa? Njia mbili zilimshinda fisi!"

Bisibisi alifurahi. Huyu hapa angalau amepinga! Akakaa vizuri ajibu, lakini shangazi akapunga mkono. "Aa, nakutania. Wewe si fisi. Nenda popote, baraka zangu unazo."

Mwalimu wa hesabu naye alisema popote atakapokwenda, jina la shule litang'aa. Pacha alimshika mkono, akamwambia, "Twende wote. Tukae dawati moja kama zamani."

"Na ndege je?"

"Si utaziona zikipita?"

Hakusema kwa ubaya. Bisibisi alirudi nyumbani akiwa na baraka za kila mtu, na hakuwa na mtu.

Chuo cha mbali kilipotangaza siku ya wageni, aliamua aende akakione kwa macho. Mama hakuweza kufuatana naye, maana siku hiyo alikuwa na bibi harusi na wapambe wake, vichwa tele. Alimfungia chakula cha njiani, akamwambia asilale akapitiliza kituo.

Alifika usiku, akalala stendi, na asubuhi akaingia chuoni. Wageni wengine walikuja na ukoo. Baba wa mmoja alikuwa anabonyeza godoro la bwenini kama anayenunua nanasi. Mama wa mwingine alifungua bomba la maji, akalifunga, akalifungua tena. Mwanamke aliyekuwa akipokea watu mlangoni alimtazama Bisibisi, akatazama nyuma yake. "Wazazi wako wapi, binti?"

"Wanakuja," Bisibisi akadanganya, akaona aibu kwa uongo ambao hakuna aliyeuhitaji.

Jengo la kompyuta lilikuwa jipya, vioo vitupu, na ndani baridi ilimpiga mpaka akajikunyata. Mhadhiri kijana alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Ahaa, ndege. Hao wako ng'ambo ya uwanja."

Akavuka uwanja. Jengo la ndege lilikuwa la zamani, paa la mabati, na katikati ya karakana palikuwa na injini iliyopasuliwa ili watu waone matumbo yake. Mhadhiri mzee mwenye mikono ya grisi alimsikiliza naye, kwa adabu vilevile. "Unasema programu? Basi wewe ni wa kompyuta, binti yangu. Vuka uwanja."

Akavuka tena. Kule kwenye vioo wakamrudisha. Mara ya mwisho alisimama katikati ya nyasi, jua la mchana limemkalia utosini, hajui ageuke upande gani. Angalau huko saluni angekuwa anashikilia kichana. Alikuwa karibu kwenda stendi pale karani mmoja aliyekuwa akipita na kikombe chake alipomhurumia.

"Unatafuta ile kozi ya mchanganyiko? Muulize Popo. Chumba cha nyuma, karibu na matangi ya maji."

Popo alikuwa msichana mrefu wa mwaka wa tatu, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa kuwa popo si ndege wala si mnyama, na yeye kila upande ulimhesabu kuwa wa upande wa pili. Mbele yake, ndege ndogo ya urefu wa mkono ilining'inia kwa nyuzi mbele ya feni kubwa. Pua yake ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu anayesinzia mkutanoni.

Popo hakumsalimu. "Hebu ishike hapo bawani. Haya, achia. Unaona inavyoitikia? Kwa nini?"

Bisibisi alifikiri. "Mkia ni mwepesi?"

"Hapana. Umekosea, lakini umekosea vizuri. Njoo huku." Akamwonyesha kwenye kompyuta. "Kifaa hiki kinaipa programu habari za pua. Habari inachelewa kidogo tu. Programu inapoamuru pua ishuke, pua imeshaanza kushuka yenyewe, basi inashuka kupita kiasi. Ni kama mtu anayejibu salamu ya jana. Watu wa ndege wananiambia badilisha mkia. Watu wa kompyuta wanasema programu haina kosa. Wote wanasema kweli, na ndege inaanguka."

"Basi programu ibashiri pua itakapokuwa, isingoje habari."

"Na upepo ukibadilika?"

"Ibashiri upya."

"Kwa kompyuta ndogo kama kiberiti? Itaelemewa!"

"Si lazima ibashiri kila kitu, dada. Pua tu."

"Pua bila mabawa? Nani kakudanganya?"

Wakabishana. Walichora ukutani kwa chaki, wakafuta kwa viganja, wakachora tena. Bisibisi alishindwa karibu kila hoja, na hakukumbuka siku aliyofurahi kushindwa namna ile. Walipochungulia nje, familia zilikuwa zimeondoka na viti vinakusanywa.

"Unakuja?" Popo akauliza.

"Sijui. Niambie ukweli, dada. Pakoje?"

Popo aliketi juu ya meza. "Tulianza darasa zima. Tumebaki wawili, na mwenzangu si mtu wa maneno. Vipindi vinagongana. Kwenye kazi za vikundi, huku wanasema una wenzako kule, kule wanasema una wenzako huku. Chakula nala peke yangu. Zamani nilikuwa nakula haraka niondoke. Siku hizi nakula polepole. Na usije kwa ajili yangu, maana ukifika mimi nitakuwa kwenye mafunzo ya kazi, mbali na hapa."

"Mbona hukuacha?"

Popo akaizima feni. Ndege ikatulia kwenye nyuzi zake.

"Niliacha. Muhula mmoja nilihamia kompyuta tupu. Nikapata marafiki, tena wazuri. Lakini kila ndege ikipita juu natoka darasani kuitazama. Wakadhani tumbo linanisumbua."

Bisibisi alicheka, na kicheko kilipokwisha alikuwa ameshaamua.

Aliporejea mjini alikwenda moja kwa moja saluni. Wateja walikuwa wamekwisha, mama alikuwa anafagia nywele.

"Mama, nimechagua. Kule mbali."

Ufagio uliendelea kidogo, kisha ukasimama.

"Sitaki uende," mama akasema.

"Mama! Si ulisema nichague, utaitikia?"

"Nilisema hivyo kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitakufunga miguu. Mimi sijui kompyuta, sijui ndege. Ninachojua, nikifunga mlango huu jioni narudi nyumbani na wewe upo. Sasa nitamrudia nani?"

Bisibisi alikuwa ameutafuta ubishi kwa kila mtu, na huu sasa umekuja. Alitafuta sababu hii na hii za kujibu, akazikosa. Alimpokea mama ufagio, akafagia palepale palipokwisha fagiliwa.

"Basi nisiende?"

"Nani kasema usiende? Nimesema sitaki. Kutotaka kwangu ni kwangu. Wewe nenda."

Akaenda.

Mambo yalikuwa kama Popo alivyosema. Muhula haukufika katikati, viti vikaanza kubaki wazi. Pacha alipiga simu kila siku, kisha kila wiki, kisha akawa anasema, "Samahani, niko na wenzangu, nitakupigia." Mama alipiga Jumapili. Walikuwa wanaulizana kama wamekula, kisha kila mmoja akasikiliza pumzi ya mwenzake, mpaka mmoja aseme haya basi.

Siku moja alibeba ndege aliyoiunda mwenyewe, akaenda nayo kwenye uwanda nyuma ya chuo. Alikuwa amewaalika wenzake wa pande zote mbili. Kila upande ulikuwa na kipindi. Akairusha. Ikapanda, ikajinyoosha, ikashika njia kama inayojua iendako, na yeye chini akajikuta ameziba mdomo kwa mikono. Halafu upepo wa pembeni ukaipiga. Ikayumba, ikainama, ikaanguka mbali sana kwenye majani.

Alitembea kuifuata. Aliokota bawa, akaokota mkia, akapekua majani mpaka akaipata ile kompyuta ndogo, taa yake bado inawaka. Akachuchumaa, akawaza, na ghafla akaona kosa lilipo, zima na wazi. Aliinua kichwa amwambie mtu. Uwanda ulikuwa mtupu mpaka kwenye uzio.

Basi akavikusanya vipande kifuani akaanza kurudi, na njia nzima alikuwa akijieleza kwa sauti, hatua kwa hatua, kwa nini ilianguka.