Vidole vya Edinah

Ncha ya kisu cha siagi iliingia chini ya kitufe cha A kwenye kibodi ya Mercyline, Edinah akakibenua. Kikaruka, kikamwangukia pajani. Alitupa jicho mlangoni. Mercyline alikuwa bado kibandani anakula githeri, na Kang'ethe, mwenye saiba, duka lao la kompyuta, alikuwa ameenda kununua karatasi. Haraka haraka akaiweka A mahali pa S, na S mahali pa A. Kisha M na N. Kisha I na U.

"Tuone sasa," alisema peke yake.

Tangu enzi za taipureta Edinah alichapa kwa vidole vyote kumi, macho kwenye karatasi ya mteja. Kibodi yake mwenyewe ilikuwa imefutika herufi zote, na hakujali. Miaka kumi na tisa, jamani! Halafu anakuja msichana wa juzi, anadonoa vitufe kwa vidole viwili kama kuku, na watu wanampigia foleni. Kisa? Anaongea na simu, simu inaandika yenyewe. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hata Mzee Kimaiyo wa Keringet, mteja wa Edinah tangu hajaota mvi, jana aliipita meza yake akaketi kwa Mercyline. Hilo ndilo lililomchoma. Ulikuwa wivu, wala tusiupake rangi. Na Kang'ethe alishasema kwamba mwisho wa mwezi atabakiza mchapaji mmoja tu.

Mercyline aliporudi, Mzee Kimaiyo alikuwa nyuma yake na katiba ya kikundi chao cha wakulima wa viazi, imeandikwa kwa mkono. Ilitakiwa kwa msajili kabla ya saa kumi.

"Usijali, mzee," Mercyline alisema, akaanza kuisomea simu.

Hapo nje mhubiri akawasha spika. Kufika kifungu cha tatu, katiba ya viazi ilikuwa imeshamkemea shetani mara nne.

"Ai! Huyu pastor ananimaliza!" Mercyline akaiacha simu, akavuta kibodi. Alidonoa mstari mzima ndipo akainua macho. *Kukimdu chs Wskiluns.*

"Hii sasa ni lugha gani?" Mzee Kimaiyo aliuliza.

Alifuta, akarudia. Yaleyale. Kang'ethe akaja kusimama nyuma yake, mikono kiunoni. Edinah alisikia raha kifuani, raha ya chai ya maziwa wakati wa baridi.

"Auntie Edinah," Mercyline alisema, "nisaidie tafadhali. Nimeshindwa."

Angekataaje mbele ya watu? Aliketi mahali pa Mercyline, akaibandika karatasi mbele yake, na vidole vikaanza kukimbia. Katiba ikatoka safi, kifungu baada ya kifungu.

"Na hata hatazami!" Mzee Kimaiyo akapiga makofi. "Mimi jana nilipotelea wapi?"

"Basi imeisha," Kang'ethe alisema. "Edinah anabaki. Mercy, anza kutafuta kwingine."

Edinah aligeuka, vidole vikiendelea kuchapa, amwone Mercyline akilia. Lakini Mercyline hakuwa akilia. Alikuwa akitazama kidole kidogo cha mkono wa kushoto cha Edinah, kinavyobonyeza kitufe chenye S, na kwenye skrini inatokea A. Kisha akaangalia tone la siagi lililoganda pembeni mwa kitufe hicho.

Mzee alipoondoka na katiba yake, Mercyline alichomoa vitufe sita, akavirudisha kimoja kimoja mahali pake.

Saa kumi, saa yao ya chai, akafungua droo yake. Kila siku yeye ndiye aliyenunua mkate, na siagi, na hata hicho kisu kilikuwa chake. Alikipangusa kwa leso, akapaka kipande cha kwanza mpaka pembeni, akakiweka kwenye meza ya Edinah kama kawaida.

"Karibu chai, auntie."

Mteja mwingine alikuwa ameshaketi, anataka barua. Edinah aliweka mikono juu ya kibodi yake isiyo na herufi, akaiangalia kwa mara ya kwanza, akatafuta herufi ya kuanzia, asiipate.