Maji ya Kusuuzia

Jumamosi asubuhi Selipher alipanda juu ya paa na mabeseni matatu: la kijani la kuloweka, la buluu la kufulia, na jeupe la kusuuzia. Ovaroli ya mbio ya Turki, kijana wa nyumba aliyofanyia kazi, haikutiwa kwenye mashine. Ilishonwa kwa kitambaa kisichoshika moto, na kwenye ukosi palikuwa na kibandiko kilichosema ifuliwe kwa mkono, kwa maji ya vuguvugu, wala isikamuliwe. Selipher aliikamua kidogo tu, mikononi na miguuni, maana vinginevyo haikauki mpaka jioni, hata kwa jua la Jeddah. Maji ya kusuuzia hakuyamwaga. Kwao Butere, magharibi mwa Kenya, maji ya mwisho ya nguo ndiyo yanayodekia nyumba, na mtu akiyamwaga huulizwa kama ana mto wake mwenyewe. Aliyatia kwenye jerikeni ya manjano ya lita ishirini, akakaza kifuniko, akaishusha chini ya ngazi.

Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa umekwisha Alhamisi, siku mbili kabla. Alimkumbusha baba, mwenye nyumba, alipompelekea kahawa. Baba alikuwa mtu wa maneno laini. Hakuwahi kumfokea, wala mshahara haukuchelewa. Alisema karatasi ya khuruji, ile ambayo bila yake mfanyakazi hatoki nchini, na ni kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, anayemwombea, ataishughulikia ligi ya magari ikimalizika. Kabla ya hapo alikuwa amesema baada ya harusi ya binti yake, na harusi ilishapita, hata pilau ya mabaki ilishaliwa. Selipher akasema sawa, baba. Huko Butere mtoto wake Lydia, wa miaka saba, alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele. Aliyafunga kwenye karatasi ya daftari, mama akija ayaone.

Turki alikuwa kitindamimba wa nyumba ile, na miaka yake ishirini na sita. Alikuwa na gari kuukuu la Kijapani lililong'olewa viti vyote isipokuwa kimoja. Kila Ijumaa alasiri alishindana katika uwanja mdogo wa lami nje ya mji, wenye umbo la yai. Mtu akitia tende mdomoni gari likipita, kokwa hajaitema, limesharudi. Kanuni ya nne ya uwanja ilisema magari yote yatumie petroli ya pampu moja, ile ya getini, ili asiye nacho asishindwe na mwenye nacho kwa sababu ya petroli tu. Ilikuwa kanuni nzuri. Lakini mwaka ule petroli ilikuwa imepandishwa bei nchi nzima, na pampu ya getini ikapandisha zaidi. Madereva walikuwa ishirini na wawili, wakabaki tisa. Turki naye alinunua petroli ya kituo cha mtaani, akaitia kwenye jerikeni ya manjano, akaificha chini ya ngazi.

Ijumaa ya wiki ile, baada ya sala, alichukua jerikeni isiyo yake. Alimimina gari likiwa nyuma ya hema la jamaa zake, upesi upesi, akitazama huku na huku. Gari likawaka. Alikuwa wa kwanza kwa mizunguko miwili. Kilichotoka kwenye bomba la nyuma hakikuwa moshi, yalikuwa manyunyu. Yalipanda kimo cha mtu, yakaanguka kwenye kona ya pili, na waamuzi waliokuwa wamekaa pale wakasogeza viti.

Mpimaji wa petroli alikuwa Mzee Badawi, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, aliyeletwa Jeddah na mama yake mwaka 1964 akiwa na miaka minane. Aliishi Balad, mji wa kale wa Jeddah, na mkewe Mwanakhamis. Kazi yake ilikuwa kuchota glasi moja kutoka tangi la kila gari lililoshinda, kuchovya karatasi ya rangi, kunusa, kisha kutumbukiza kipimo cha kioo chenye mistari kinachoelea. Siku ile karatasi haikubadilika rangi. Kipimo kilizama mstari mmoja zaidi ya kawaida. Wasaidizi wake wawili walinusa wakasema ni petroli. Yeye alinusa udongo uliokaa na kiu muda mrefu, ukapata mvua.

Turki aliulizwa ameitoa wapi, akataja jerikeni ya ngazini. Mama yake akasema kutoka ndani ya hema kwamba jerikeni ya ngazini ni ya Selipher. Basi Badawi akaenda na glasi yake mkononi mpaka penye hema la jamaa, ambako Selipher alikuwa akimimina chai na kuwakemea wajukuu wa madam, mama yake Turki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kiswahili hicho cha wapi, mbona kinapanda mlima?"

"Cha Butere. Chako ndicho kinateremka."

Badawi akacheka, akakaa kwenye kisanduku cha soda. "Haya n'ambie. Jerikeni lako umetia nini?"

"Maji ya kusuuzia ovaroli."

"Na sabuni?"

"Sabuni inabaki kwa beseni ya buluu. Ile nyeupe ni maji tu."

"Yameanza lini kuwaka?"

"Sijui, mzee. Mimi huwa nadekia tu. Ya wiki ile nyingine yalideki vizuri."

"Wiki ile kulikuwa na nini ambacho hii hakipo?"

Selipher alifikiri, birika mkononi. "Mkataba," akasema.

Badawi akaandika: mkataba.

Jioni waliporudi, ngazi zilikuwa na vumbi la viatu. Selipher akafungua jerikeni iliyobaki, akakuta petroli. Akaifunga vizuri, akaiweka mbali na jiko, akateka maji mengine.

Ijumaa iliyofuata kipimo kilizama mstari wa pili, na iliyofuata tena, wa tatu. Turki, ambaye sasa aliichukua jerikeni ya Selipher kwa kujua, alishinda zote. Madereva wengine hawakumkasirikia. Walitaka tu kujua kama yanauzwa. Mwenyekiti wa uwanja alifunua kitabu cha kanuni kurasa zote kumi na moja, asione panapoyataja maji, akasema shauri liende Riyadh, kwenye kamati ya ligi, mtaa wa Al-Murabba. Mpimaji aandike maoni yake.

Baba naye alitamka lake mbele ya watu, kwa upole, akimenya chungwa. "Riyadh wakiyakataa maji, hatuna haja nayo. Jumapili yake namwombea khuruji, aende akamwone mtoto wake. Wakiyakubali, tutaangalia. Halas, basi."

Selipher alisikia, kwa sababu ndiye aliyekuwa amelileta chungwa.

Badawi aliandika barua mara tatu. Ya kwanza aliisoma Mwanakhamis, akairudisha mezani.

"Hii imekasirika, bwana. Barua iliyokasirika haisomwi."

Ya pili ilikuwa na dua nyingi kuliko maneno. Ya tatu ilisema hivi: kwamba petroli hii haikununuliwa kwenye pampu, kwamba inatoka katika mikono ya mtu ambaye muda wake umekwisha, na kipimo huzama mstari mmoja kwa kila wiki anayozidishwa, kwamba siku atakayopanda ndege maji yatarudi kuwa maji, na kwamba kwa hiyo, kwa kanuni ya nne, ikataliwe. Aliambatanisha chupa iliyofungwa kwa nta. Mwanakhamis akatia kwenye mfuko mwingine mkate wa kumimina, wa Selipher, kwa sababu mtu anayengoja hali vizuri.

Walingoja siku arobaini. Katika siku hizo Selipher alijitayarisha. Bibi wa Lydia alipima mguu wa mtoto kwa uzi, akapiga simu akisema uzi ni sawa na kiberiti kirefu na nusu kifupi, jambo ambalo halikumsaidia mtu. Mwishowe alipima kwa rula ya shule. Madam alimpeleka Selipher Balad mwenyewe, akamngoja nje ya duka, na Selipher akanunua viatu vyekundu vyenye kifungo pembeni, akaviweka chini kabisa ya begi.

"Mama, unakuja na ndege ya saa ngapi?" Lydia aliuliza.

"Ngoja barua ifike kwanza."

"Barua inatembea pole pole hivyo?"

"Huko Riyadh kuna mlima," Selipher akasema.

Mara moja katika kungoja aliamua kuyamwaga. Alibeba beseni jeupe mpaka ukingoni mwa paa, akayamwaga yote kwenye mfereji wa mvua. Barabarani kukanukia mvua, na magari matatu yaliyoegeshwa chini yakawaka injini yenyewe. Jirani akaja kulalamika kuhusu kelele. Madam akamwomba radhi jirani, akamwambia Selipher bila ukali asirudie, habibti, watu wamelala mchana.

Barua ilifika siku ya Jumatano, mwenyekiti akaisoma Ijumaa kwa kipaza sauti. Kamati ilimshukuru mpimaji kwa uangalifu wake. Kanuni ya nne ilirekebishwa: maji ya kusuuzia ya nyumba husika yatahesabiwa kuwa petroli ya pampu, kila gari litapewa lita kumi, kwa nusu ya bei, na madereva waliojitoa kwa sababu ya gharama wanakaribishwa kurudi. Mwisho kabisa palikuwa na mstari mmoja: kuhusu muda wa mfanyakazi, hilo si suala la petroli.

Watu walipiga makofi. Badawi alikuwa amesimama karibu na pampu, ambayo ilikuwa imefungwa kwa mnyororo tangu asubuhi. Alivua kofia, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi, akaenda kwenye hema.

"Nimeshindwa, mwanangu."

"Umeandika, mzee. Kwani nani mwingine ameandika?" Selipher alimmiminia chai, akatia sukari vijiko vitatu kama alivyopenda, ingawa Mwanakhamis alikuwa amekataza.

Madereva walirudi, wote ishirini na wawili, na wakaleta ovaroli zao. Walikuwa watu wenye shukrani. Mmoja alileta tende za Madina, mwingine mafuta ya mikono, mwingine shuka. Baba alinunua beseni jipya ambalo mtu mzima angeweza kuogea, na mwavuli wa kuweka paani ili Selipher asichomwe na jua. Madam alimnunulia kiti. Kuhusu khuruji, baba alisema, kwa sauti ileile, kwamba sasa haiko mikononi mwake peke yake. Kuna watu ishirini na wawili wa kufikiriwa.

Alasiri za Ijumaa uwanja ulijaa manyunyu. Watazamaji walikuja na miavuli. Pembeni mwa kona ya pili zilichipuka nyasi, kisha mmea ambao wasaidizi wa Badawi hawakuujua. Selipher aliutazama akasema ni mrenda, mboga ya kwao, akachuma majani ya juu, akayapika kwa magadi.

Fomu ya upimaji ilikuwa na kisanduku cha mwisho kilichoandikwa *maelezo mengine*, ambacho Badawi alikuwa amekiacha kitupu kwa miaka kumi na moja. Sasa alikijaza kila Ijumaa. Aliandika idadi ya siku ambazo Selipher amezidishwa, kwa tarakimu na kwa maneno, kama hundi, isije ikafutwa. Fomu ilikwenda Riyadh, ikarudi na muhuri. Mistari ya kipimo ilikuwa kumi na miwili. Ilipokwisha, akachora mingine kwa kalamu isiyofutika.

Ijumaa ya kumi na nne bibi wa Lydia alipiga simu kusema mguu umeongezeka, viatu vya namba ile havitaingia. Selipher alisema atavibadilisha. Mwenye duka wa Balad ni mtu mzuri, na havijavaliwa. Kisha Lydia akachukua simu. Magari yalikuwa yakizunguka, na manyunyu yakilipiga hema kwa juu, mfululizo, kama yanavyopiga mabati.

"Mama, huko kunanyesha?"

"Kidogo."

"Nasikia. Hata huku." Alihesabu jambo lake. "Basi umekaribia. Hiyo ni mvua yetu."

Selipher alitazama kona ya pili, ambako waamuzi walikuwa wamekaa chini ya turubai, wamekunja suruali.

"Nimekaribia," akasema. "Vaa sweta."

Upande wa pili wa uwanja Mzee Badawi alitumbukiza kipimo katika glasi, akangoja kitulie. Fomu ya wiki iliyopita ilikuwa imerudi asubuhi ile. Katika kisanduku cha mwisho palikuwa na maandishi yake, 92, siku tisini na mbili, na juu yake muhuri wa buluu: *Imeonekana. Petroli ni safi.* Aliiweka pamoja na nyingine. Akachukua fomu mpya, akaandika 99, siku tisini na tisa, akapuliza wino ukauke, kwa sababu hewa ilikuwa na unyevu.

Selipher akaanza kukusanya ovaroli.